Kikombe cha Ijumaa

Butiama,
Jumapili.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hapo Nyasura mmeamka salama, na mguu wako umepata nafuu. Huku kwa Bibi tuko wazima, mihogo tunayo na ng'ombe mwekundu amezaa. Ninaandika kwa sababu kwenye simu ningenyamaza kama kawaida yangu, nawe ungefikiri mtandao umekatika.

Yule mgeni wa kaka Robert alifika Jumanne. Robert alikuwa akimwendesha mbugani, akamsikia akisema kwamba alilelewa Nairobi na yaya wa Butiama aitwaye Bhoke Ryoba. Robert akamwambia huyo ni bibi yetu. Mgeni anaitwa Rebeka, ana miaka karibu sabini, naye ni Myahudi. Yeye na wenzake waliokulia Nairobi wametawanyika nchi nyingi, lakini wana kundi kwenye simu wanakokumbushana maisha ya Wayahudi wa mji ule: nani aliuza viatu wapi, nani aliimba vibaya kwenye sinagogi. Alitaka kumrekodi Bibi.

Jirani yetu babu Isidori alimwuliza kama kwao bado wanamlaumu Musa kwa kuwazungusha jangwani miaka yote ile. Rebeka akajibu kwamba wanamlaumu hadi leo, hasa wakiwa mezani. Tulicheka sana. Kiswahili amekisahau, amebaki na "kuja" na "maziwa" tu, kwa hiyo nilitafsiri mimi, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne.

Bibi alieleza habari za Ijumaa jioni, Sabato yao inapoanza: mishumaa miwili isiyoruhusiwa kuzimwa, na mkate wa kusukwa. Vidole vyake vilisuka hewani kama anasuka nywele, na Rebeka akatokwa na machozi. Ndipo Bibi akamshika mkono, akasema nimwambie kwamba kile kikombe cha fedha kilichopotea, ambacho baba yake Rebeka alikuwa akibarikia divai kila Ijumaa, yeye Bibi hakukichukua. Sanduku lake lilimwagwa sakafuni mbele ya wageni, akafukuzwa. "Nilirudi hapa nikawa naitwaga mwizi," alisema. "Baba yangu amekufa hajala tena chakula nilichopika." Alisema taratibu, bila hasira, kisha akaniangalia nitafsiri.

Nikatafsiri. Rebeka akambusu, tukapiga picha, akaondoka.

Jana Rebeka amenitumia alichowaandikia wenzake. Anasema walipokuwa wakifungasha kuhama Nairobi, mama yake alikikuta kikombe nyuma ya droo ya kabati, akakaa sakafuni akalia. Hakujua amtafute Bhoke wapi. Rebeka alikuja kumwombea mama yake msamaha, na maneno alikuwa ameyaandika kwenye karatasi. Lakini alipoona Bibi ana furaha na hataji jambo lile, aliona asimtoneshe kidonda. Karatasi amerudi nayo.

Mama, Bibi alilitaja. Mimi ndiye sikulisema. Niliona aibu. Mgeni yuko kwenye kiti chetu, chai yake haijaisha, na tumelelewa kwamba mgeni haambiwi neno la kumuumiza. Nikamwambia Rebeka kwamba Bibi anasema alimpenda kama mtoto wake wa kumzaa. Na Bibi nikamwambia mgeni amesikia, amesikitika.

Leo asubuhi nimemsomea Bibi yote, nikakiri. Alikuwa anachagua maharage. Hakunigombeza. Alitaka nirudie pale mama yake Rebeka alipokaa sakafuni, kisha akauliza kama yu hai. Nikasema alishafariki. Akasema hata baba yake mwenyewe alishafariki, na karibu wote waliomcheka, kwa hiyo sasa amwambie nani. Akaendelea na maharage yake.

Nimemwandikia Rebeka ukweli. Hajajibu. Bibi anaomba uje Jumamosi pamoja na mama mdogo Grace, niwasomee ninyi mlioitwa watoto wa mwizi shuleni.

Msalimie Gibson na majirani wote. Ukija, Mama, tafadhali usinitetee kwa Bibi kwamba mimi ni mpole tu.

Ni mimi mwanao,
Wankyo