Nyumba Inalala au Inasafiri

Nairobi, Jumapili asubuhi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimekaa kitako kwenye kibaraza cha Mjomba, kikombe cha chai pembeni, na kabla sijakwambia lolote nataka kujua: goti lako vipi? Mama kaniandikia kwamba siku hizi unapanda ngazi huku umeshika ukuta, na ukiulizwa unasema unakagua chokaa. Baba, chokaa mwachie fundi wake. Na Mama mwenyewe, kifua kimepoa? Mimi sijambo, Mjomba hajambo, ila baridi ya huku ndiyo isiyosikia la mtu.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua tena. Umeandika kwamba mkataba wangu unamalizika baada ya mfungo, kwamba Shangazi keshanipatia mtu wa Kiponda, mwenye adabu zake na duka la vitambaa, na kwamba watu wanakuuliza kila ukitoka msikitini. Hukuandika rudi, wala hukuandika kaa. Umeuliza tu: "Kete yako imeangukia nyumbani. Unalala au unasafiri?"

Mjomba, ambaye bao halijui, akaniuliza hayo ni mambo gani. Nikamweleza kwamba nyumba ni lile shimo kubwa ambamo mchezaji hulimbikiza kete zake. Akila kete za mwenziwe na kete yake ya mwisho ikaangukia humo, ana hiari: alale, yaani zamu yake iishe na kete zake zikae salama, au asafiri, azichote zote na kuzigawa shimo kwa shimo. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Baba yako huyo! Hata posa anaileta kwa bao."

Jibu ninalo. Lakini usiruke mistari kulitafuta, maana nakujua. Kwanza nisikilize.

Kazi yangu unaijua: mchana kutwa natoboa kadi. Kila tundu lina maana yake, na kompyuta inazisoma kadi hizo, inapiga hesabu ya mishahara, kisha inachapa. Chumba chake kina mitambo ya baridi, kwa sababu ikipata joto inaharibika, kwa hiyo sisi tunatetemeka ili yeye astarehe. Mimi navaa sweta na juu yake kanga ya Mama. Meneja wetu, Mwingereza mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, mwanzo alikuwa akiitazama ile kanga kama iliyoingia ofisini bila ruhusa, sasa kaizoea. Saa nne tunaletewa chai ya maziwa iliyokwisha tiwa sukari, hukuulizwa unataka kiasi gani.

Najua Mama anawaambia majirani kwamba mwanawe anatunza ubongo wa chuma. Mwache aseme, anajifurahisha. Lakini wewe nikwambie kweli: ubongo huo ni mjinga wa mwisho, ila mtiifu. Majini wa hadithi za Bibi ukiwaagiza maji walijua wakuletee kwenye kata. Hii ukiiagiza maji bila kuitajia kata, itakumiminia mapajani, na usipoiambia "basi", haitaacha kumimina.

Anayeiendesha ni Kioko, kijana wa Kikamba, mcheshi sana. Yeye ndiye anayeingiza kadi na kubonyeza vifungo. Kioko ana mapenzi na vitabu vya mambo yajayo, vile vyenye roketi kwenye jalada, na wakati wa chakula lazima atusimulie. Tangu watu wafike mwezini ndiyo hanyamazi kabisa. Mimi huwa namharibia hadithi. Nilimuuliza, hao wanaohamia mwezini wakifunga Ramadhani, mwezi wa Idi watauangalia wapi, na wenyewe wameukalia? Akaacha kutafuna. Akasema mwandishi wake hakulifikiria hilo.

Jambo jingine linaniudhi katika vitabu hivyo. Kila mashine ikipata akili inataka kutawala. Haijatokea hata moja iliyotaka kucheza. Nikamwambia Kioko kwamba waandishi hao hawajapata kukaa kwenye baraza za kwetu Malindi, Unguja, baada ya alasiri. Wangeona mwenye akili anafanya nini akipata nafasi.

Maneno yangu mwenyewe ndiyo yaliyoniponza. Nilipokwisha kuyasema nikajikuta nataka kuifundisha mashine bao.

Meneja akapata habari. Akaniita, akanambia kwamba mimi kazi yangu ni kutoboa kadi za mambo yaliyofikiriwa na wengine. Kama nataka kuhamia chumba cha wale wanaotunga amri za mashine, basi niioneshe ikicheza mchezo huo mwanzo hadi mwisho, mbele ya wageni wake kutoka makao makuu. Nikishindwa, nitarudi kwenye kadi, na mkataba ukiisha tutaagana. Nikasema sawa, tena kwa sauti, maana nilikuwa naogopa.

Baba, niliandika amri zile kila wakati wa chakula mpaka Kioko akawa anakula sambusa zangu. Mara ya kwanza ilicheza vibaya mno. Kila ikiangukia nyumbani inasafiri, inasambaza mali yake yote, inaliwa, kwisha. Nikakusikia kabisa, kama vile niko ukumbini kwetu: "Wee Zuwena, nshakwambia, nyumba haikimbiwi! Nani kakufukuza humo?" Unakumbuka ulivyokuwa ukinifundisha? Ndani, mlango wa barazani umerudishwa, kwa vile Bibi alisema mtoto wa kike hachezi bao mbele za watu. Ukinifunga unacheka kwa kujiziba mdomo ili Bibi asisikie, na mimi nikikufunga unajitia umesinzia.

Basi nikaifundisha mashine kulala. Nikaipa tabia yako, ya kuilinda nyumba na kungoja mpaka mwenzio akose subira. Na nikaiamuru kwamba kila ikiamua kubaki ichape neno letu lile lile: NALALA.

Siku yenyewe wageni wakaja na tai zao. Nikatandaza bao nililolichora kwenye kadibodi, na kete zile za komwe ulizonitilia kwenye sanduku bila kunambia. Nikacheza, nikapiga chapa mchezo wangu. Mashine nayo ikacheza, ikala, ikaangukia nyumbani, halafu ikachapa NALALA.

Kioko akaizima.

Niligeuka nikamkuta ameshazishika kadi zangu mkononi. "Kioko, umefanya nini?"

"Si imeandika inalala? Nikaona imemaliza kazi, inataka kupumzika."

Kosa halikuwa lake. Amri zote nyingine zikifika mwisho huchapa neno, na yeye akiliona hutoa kadi na kuingiza kazi ya mtu mwingine. Mimi sikumwambia kwamba kwetu anayelala bado yumo mchezoni. Meneja aliangalia saa yake. Nikaona kabisa naagwa, na yule wa Kiponda anakata shuka za harusi.

Ghafla nikasikia mtu anacheka. Mmoja wa wageni, mzee mwenye kofia iliyodariziwa, alikuwa anajifuta machozi. "Muacheni binti," akasema. "Mashine ilojua kulala nyumba yataka heshima yake. Irudishieni kadi zake, nicheze nayo mie." Kumbe ni mtu wa Mombasa.

Kioko akazirudisha kadi, mchezo ukaanza upya, huku jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mzee akavua koti, mimi nikawa nampigia chapa. Mwanzo alicheza kwa mbwembwe, anaangusha kete kwa kishindo, anamkonyeza meneja. Mashine ikawa inalala. Anaichokoza, inalala. Anaitegea, inalala. Mwisho akachoka kungoja, akasafirisha nyumba yake kwa hasira, na hapo ikamwingilia, ikamla mstari mzima wa mbele mpaka akawa hana pa kuchezea. Mwenyewe kasema hajashika kete miaka mingi, na mimi namwamini. Lakini kafungwa, Baba! Mombasa imefungwa na Unguja, hapa Nairobi, kwa chuma!

Akaliangalia bao, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ni nani alokufunda?"

Nikasema, "Baba yangu." Sijapata kuona fahari kama ile tangu nizaliwe.

Jana meneja kanipa jibu. Mfungo ukiisha nahamia chumba cha watunga amri, kwa miaka miwili ya kujifunza na kufanya kazi. Humo hajakaa mwanamke bado. Kioko kafurahi kuliko mimi, kisha akauliza sasa sambusa ataletewa na nani.

Basi, Baba, jibu lako ni hili: nasafiri.

Najua unaposoma hapa umeshusha miwani. Usiwe na huzuni. Wewe ndiye uliyenionesha kwamba mwenye kusafiri hazipeleki kete zake kwa mwenziwe. Anazichota zote, zinakwenda mbali, lakini zinazunguka mashimo yake mwenyewe. Nimelala vya kutosha, nyumba imejaa, na sikufukuzwa na mtu. Kete zangu zote ziko upande wako.

Mwambie Shangazi namshukuru kwa kunihangaikia, na yule bwana wa Kiponda asiwekwe akingoja. Mama nampigia magoti, kanga yake inafanya kazi kuliko mitambo yote ya humu ndani. Wadogo zangu wape mapaja ya kuku siku ya Ijumaa, waambiwe ni mimi niliyeagiza. Na Bibi mbusu mkono, umwambie mjukuu wake amecheza bao mbele ya wanaume waliovaa tai, na mbingu haijaanguka.

Likizo yangu ni Idi kubwa, na ruhusa ya safari nimekwishaiomba. Siku nitakayofika, bao lisiwekwe ukumbini. Litoe nje, liweke barazani, na mlango uache wazi.

Mwanao,
Zuwena