Mama, Nimebadilisha Kozi

Mama,

Chakula kiko kwenye sufuria kubwa, kaka asikimalize. Dawa yako ya presha unywe saa sita, ukishakula.

Nimerudi kuchukua vyeti tu, natoka tena mbio. ~~Nitakueleza jioni.~~ Hapana, nakueleza sasa, kabla jirani niliyekutana naye chuoni hajaniwahi kukuambia.

Asubuhi niliitwa chuoni kuhusu ombi langu la uuguzi. Mama wa udahili alikuwa na barua yangu mkononi. Akasema, "Binti, kurasa mbili nzima umeandika habari za mashine ya hewa iliyokuwa ikizimika kitandani kwa marehemu baba yako. Hadi waya uliolegea umeuchora! Kuhusu kuuguza, hakuna hata mstari. Sasa mwanangu, unamtaka mgonjwa au unaitaka mashine?"

Nilicheka, mama, mara ya kwanza tangu tumzike baba. Nikamjibu, "Mashine."

Basi nimebadilisha! Nitasomea ufundi wa vifaa vya hospitali. Nafasi ipo, wamekubali, na vyeti vinatakiwa kabla ya saa nane.

Najua umeshawatangazia ndugu wote kwamba utamwona binti yako na gauni jeupe. Usininunie. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukiniita, "Njoo, imezima tena," nami nahangaika nayo mpaka iwake. Siku baba alipotuaga ilikuwa inawaka, mama. Niliiwasha mimi.

Mwambie kaka aache kuniita Sista. Kuanzia leo ni Fundi.

Kitinda mimba wako