Tawi kwenye Njia ya Ramazani

Yaya Ramazani, kaka yangu mukubwa,

Ulikufa Jumanne, saa kumi za mchana, kwenye njia ya mkato ya mlima wa Bendera, pale udongo ulipokatika. Jana tumesoma arobaini yako hapa Kalemie. Niliosha sahani sitini na mbili. Sikulia. Mama aliniangalia.

Acha nikuambie yaliyobadilika. Ule mstari wa njia ya mkato nimeufuta kwenye ramani ya telefone wanayofuata wageni. Kubonyeza mara tatu tu, Yaya. Mara tatu. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha fotokopi, mteja anangojea. Nilipomaliza nikamupa kopi zake, akaenda.

Unakumbuka siku tuliyouchora? Wewe mbele na panga, mimi nyuma na telefone yenye kioo kilichopasuka. Hakuna shule iliyonifundisha ramani, nilijifunza kwa kukosea. Njia ndefu hatua 6,140, ya mkato 3,890. Nikasema wageni watapunguza hatua 2,250, ukacheka: "Zaina, wewe unahesabu mpaka ndotoni." Nikaiandika Njia ya Ramazani. Ulimupelekea Mama telefone, ukamuonyesha jina lako mara mbili, na hata fundi baiskeli wa jirani akaitwa aje kuona.

Halafu mvua zikaukata mlima. Nikakuandikia: njia ya mkato imekufa, nifute? Jibu lako bado liko hapa. "Ngoja kwanza, mudogo. Tutaitengeneza. Nimeweka tawi."

Nikangoja. Wewe ndiye mukubwa.

Tawi. Kila muntu wa mlimani anajua kwamba tawi lililolazwa kukatiza njia linasema usipite. Lakini wale vijana wanne wa Lubumbashi walikuwa wanasoma telefone, na telefone ilisema endelea mbele. Walituambia wenyewe msibani, kwa adabu: walifikiri upepo umeliangusha. Wakalibeba wawili, wakaliweka pembeni vizuri, ili wanaokuja nyuma wasijikwae. Kutoka kwenye tawi mpaka palipokatika ni hatua 412. Nilizihesabu kwenda, nikazihesabu kurudi.

Mama mmoja aliyekuwa shambani alikuambia ameona wageni wakipita. Ukakimbia. Uliwavuta wote wanne, wa mwisho kwa mukono, na udongo uliokuwa chini yako ukaenda nawe. Wote wanne ni wazima. Ninamushukuru Mungu kwa hilo, na ninawachukia kidogo.

Sasa kuna mabango saba. Nimeyapaka rangi mimi mwenyewe, herufi nyekundu za urefu wa kiganja. Kila moja linasema hatua zilizobaki mpaka palipokatika, maana kule juu hakuna rezo, mtandao haushiki, na telefone inaonyesha ramani ya zamani tu. Kwenye njia panda nimeandika NJIA IMEFUNGWA, na chini yake nimepigilia tawi lako kwa misumari minne. Sikujua nilifanye nini kingine.

Shida yangu ni hii. Jumamosi saa tatu asubuhi komite ya utalii inakaa, na itauliza ni nani aliyeacha mstari kwenye ramani. Mama amealikwa, atakaa mbele. Nikionyesha ujumbe wako, atasikia kwamba mutoto wake alisema ngoja, na atajua kwa nini. Yeye ndiye aliyeonyeshwa lile jina mara mbili. Nikiufuta, kosa linabaki langu peke yangu, na hawataniachia tena ramani niiguse. Nani ataifuta njia itakayokufa mvua zijazo? Nimepiga hesabu kila upande, haitoki.

Lala, Yaya. Ninakuahidi: kila mvua zikiisha nitapanda kuhesabu upya, na njia ikifa nitaifuta siku ileile, kama wataniachia, bila kumuuliza mukubwa yeyote.

Lakini hili moja ninakuuliza wewe. Ijumaa baada ya swala nitakuja kaburini na telefone, nitakaa mpaka saa kumi. Niuonyeshe ujumbe, au niufute? Chagua moja, unijibu. Na usiniambie tena ngoja.