Akinyi Hakula

Jumapili, usiku

Mimi ndiye niliyechagua ile hoteli ya Walebanoni. Dada yangu Akinyi amerudi juzi baada ya miaka minne ya kazi za nyumbani Beirut, nikadhani anakitamani chakula cha huko.

Mezani hakugusa kitu. Mkate na nyama vikapoa.

"Kula basi, dadangu."

"Hivi nilivipika kila siku," akasema polepole. "Mimi nilikula makombo yao, nimesimama jikoni. Siku nyingine hayakubaki."

Kwenye simu alikuwa akituambia anakula vizuri. Nilisikia sauti yake imebadilika, lakini sikuuliza. Niliogopa kujibiwa.

Tumerudi kwangu, mtaa wa Pipeline. Mama amepiga kutoka nyumbani, anauliza kama Akinyi amefurahi. Nimemwambia amemaliza sahani yote.