Saa Mbili na Nusu za Ndege

Mjukuu wangu Momade,

Asalaam aleikum. Hapa Quitunda tunaamka, alhamdulillahi. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike, na mihogo ya mama yako imeshika vizuri. Mengine unayajua, siyarudii.

Ujumbe wako nimesomewa. Umesema nisihofu umbali, kwamba Maputo mpaka Pemba yetu ya huku bara ni saa mbili na nusu tu kwa ndege, na likitokea lolote utafika. Nilifurahi, kisha nikamkumbuka mama yangu.

Nilipokuwa msichana tulikaa Olumbi, na dada yake mama aliolewa kisiwani Macaloe. Ukitoka asubuhi kwa mashua, adhuhuri umefika. Kila mwaka mama alisema, "Macaloe si hapo tu? Tutakwenda." Mara mpunga haujavunwa, mara hakuna chombo. Siku moja tukaletewa habari kwamba mama mkubwa amefariki. Chombo kilipatikana saa ileile, na mpunga tukawaachia ngedere.

Tulipofika, maiti ilikwisha kafiniwa. Binti yake akamwonyesha mama mkeka mpya uliokunjwa na kuegemezwa ukutani. "Huu alikusukia wewe, mama mdogo, uulalie ukija."

Mama aliutandika, akaukalia matanga yote. Mpaka leo najiuliza kwa nini sisi watu msiba haukosi chombo.

Hizo saa mbili na nusu zako, Momade, usiniwekee za mazishi. Njoo sasa, nikutandikie mkeka kwa mkono wangu.

Bibi yako