Banda Kwenye Ramani ya Jafari

Kariakoo, Dar es Salaam
10 Machi 2003

Mpendwa mjomba Abdala,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wote hapo Likawage. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha.

Nimepata kazi ya majaribio kwa dada Witness, mwenye duka la kompyuta. Kompyuta nane zimeunganishwa kwa nyaya, na vijana wanakuja kupigana kwa bunduki za kwenye kioo, kundi kwa kundi. Uwanja wa kupigania wanauita ramani, na mtu anaweza kutengeneza wake. Mimi nimetengeneza Likawage. Mikorosho ni ya zambarau, barabara ya waridi inawakawaka, anga linazunguka kijani na chungwa hadi mtu anaona kizunguzungu. Hicho kizunguzungu ndicho wanachokipenda. Ramani ikiendelea kuvuta watu hadi Juni, dada Witness ataniajiri.

Naomba unihesabie hatua toka msikitini hadi kisimani. Ng'ambo ya mto nimeweka lile banda letu la jando, kundi moja huanzia humo. Nimelijenga kama lilivyokuwa, mlango, viti vya wazee kushoto, mikeka ya watoto, kila kitu.

Mpwa wako,
Jafari

Likawage
4 Aprili 2003

Mpwa wangu Jafari,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imekata barabara ya Nangurukuru, ndiyo maana nimechelewa. Mama yako anauliza kama unakula.

Toka msikitini hadi kisimani ni hatua mia mbili na kumi na nne. Nimehesabu mara mbili. Walioniuliza natafuta nini niliwaambia nimedondosha funguo.

Sasa hilo banda. Wanawake wanaingia dukani? Watoto ambao bado hawajaingia jandoni? Dada Witness mwenyewe ni mwanamke. Ulipokuwa na miaka tisa mimi ndiye niliyekusimamia mle, na uliapa kwamba asiyeingia hataambiwa, hata mama yako. Mwezi wa saba nasimamia watoto kumi na mmoja. Liondoe kabla habari haijafika huku.

Mjomba wako,
Abdala

Kariakoo
27 Aprili 2003

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Habari za mvua? Mwambie mama ninakula.

Nimekuelewa, lakini hapa hakuna anayejua lile ni banda la nini. Kuta nimezipaka bluu na njano, paa linapumua kama tumbo la chura. Wenyewe wanaliita klabu. Ndimo wanamogombea kuanzia, na dada Witness amesema bila hilo ramani haina maana. Sijamwambia mtu neno lolote. Naomba libaki hadi Juni, nikiajiriwa nitaliondoa siku hiyohiyo.

Mpwa wako,
Jafari

Likawage
30 Mei 2003

Jafari,

Sisi wazima.

Tawakali, mke wa Huseni, alikuja Dar kumwona dada yake. Akapita dukani kwenu kukusalimia. Ulikuwa umeenda kula, akakusubiri, na kioo kilikuwa mbele yake. Amerudi na kuwaeleza wenzake kisimani mlango unaelekea wapi na nani hukaa upande gani. Hakukosea.

Juzi nilipita pale. Wakaniambia, "Mjomba Abdala, mwaka huu na sisi tunakuja. Tutakaa kushoto na wazee." Wakacheka sana. Nikaendelea na safari yangu.

Wazee walikaa baada ya sala ya Ijumaa. Wamesema siri imetoka kwa mtoto niliyemlea mimi. Jando litasimamiwa na mtu wa kijiji cha Miteja. Nilikuwa nimelisimamia miaka kumi na tisa.

Kuhusu banda, fanya utakavyo.

Abdala Mohamedi

Kariakoo
12 Juni 2003

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Barua yako ilifika Jumatatu asubuhi. Nililiondoa kabla hatujafungua duka, na nakala zote nikazifuta. Pale pamebaki nyasi za zambarau tu. Wachezaji walilalamika siku tatu, siku ya nne wakahamia ramani nyingine. Dada Witness aliuliza kwa nini, nikamwambia siwezi kueleza. Kazi amempa kijana mwingine, Brighton.

Sikuandikii unihurumie. Kosa ni langu, nilidhani rangi inatosha kukificha kitu. Ninaomba jambo moja. Mwezi wa saba mdogo wangu naye anaingia. Naweza kuja, au nisije?

Mpwa wako,
Jafari

Likawage
25 Juni 2003

Mpwa wangu Jafari,

Marahaba. Sote wazima, mama yako amekonda kidogo lakini anatembea.

Niliipeleka barua yako kwa wazee na kuisoma yote, pamoja na mahali pa Brighton. Wamesema uje, ila si kama mkubwa. Utaingia na watoto siku ya kwanza, utalala chini nao, utachota maji na utafundishwa upya. Una miaka ishirini na nne na watakucheka. Nimewaambia utakubali, kwa hiyo usinifanye mwongo.

Usije na viatu vizuri. Na usitegemee upendeleo bandani, maana sina cheo. Mwaka huu wamenipa kupika.

Mjomba wako,
Abdala