Mtungi wa Kasigau

Jumamosi usiku

Kwani si angeniambia mapema? Lakini pia mimi sikuuliza.

Muuza samaki wa mapambo alinionya kwamba maji yetu ya mfereji hapa Voi yana chumvi na dawa, yatawaua. Nikaona jikoni ule mtungi wa maji ya mlimani ambao mama mkwe alikuja nao jana kutoka Kasigau. Nikaumimina wote kwenye tangi la kioo, juu ya changarawe, nikawaachilia samaki wangu wa kwanza. Walichangamka sana. Nilifurahi kama mtoto.

Jioni Mama akasema, "Nipikie chai na yale maji yangu, mwanangu. Krismasi ulilalamika chai ya huku ina chumvi, ndiyo nikakubebea."

Nikamwonyesha tangi.

Aliinama, akawatazama samaki kwa muda. "Wanapendeza," akasema. "Basi weka ya mfereji, hakuna neno."

Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Kwa ile chumvi, maziwa yalikatika kwenye sufuria. Nikamwekea chai hivyo hivyo. Aliinywa yote, akanishukuru.

Mimi yangu niliionja tu, nikaimwaga kwenye sinki.